Siku Nne za Zefania

Jumatatu, 30 Januari 1995
Nimeamka saa kumi na moja. Nimekamua, nimepeleka maziwa kwa mama mkwe, nimeteremka barabarani Usa River kutafuta gari la mjini. Kwa Ba, bibi wa Kihindi ninayemfanyia kazi mjini, nimefika saa mbili kasoro. Nimemkanda mguu, nimemwogesha, nimemtengenezea chapati zake nyembamba ambazo mpaka leo anasema ni nene. Saa kumi jioni nimeaga.
Ba kaniomba tena nilale. Goti linamsumbua usiku na nyumba nzima ya Themi yuko peke yake na mlinzi, watoto wote wako Uingereza. Nimekataa tena. Anajua kwa nini. Mume wangu Zefania alipoondoka kwenda machimboni Mererani alisema maneno mawili tu ya maana: usinifuate, na nikirudi nikukute nyumbani. Mwezi ujao unatimia mwaka wa tatu. Sijalala nje ya nyumba yetu hata siku moja.
Barua zilikuja mbili, zote mwaka wa kwanza.

Alhamisi, 2 Februari
Ba leo hakuomba, aliamuru. Wanawake wa Kihindu wa Arusha na Moshi wanakwenda Sri Lanka kuzunguka mahekalu ya kale, ya Wahindu na ya Wabudha, siku kumi na sita na njia. Ba ana nadhiri. Miaka kumi na moja iliyopita aliumwa karibu ya kufa, akaahidi akipona atakwenda kwenye hekalu moja la kisiwa hicho, na mpaka afike hatatia ndizi mbivu mdomoni. Akapona. Lakini enzi zile fedha za kigeni ungezipata wapi? Mumewe alijaza fomu mpaka akafa. Sasa maduka ya kubadilisha fedha yamejaa mjini, mtu anaingia na pochi anatoka na dola. Kilichobaki ni goti. Bila mtu wa kumshika hapandi ngazi hata tatu.
Pasi yangu ya kusafiria aliishughulikia tangu Novemba. Nilisaini nikidhani ni mchezo.
Fikiria, kuishi Arusha, kila uani kuna mgomba, na huli ndizi.
"Naike," kasema, "mimi nina miaka sabini na nne. Mume wako ana thelathini na nane. Nani anaweza kusubiri?"
Nimekasirika njia nzima.

Jumapili, 5 Februari
Kanisani. Mzee wa kanisa kasimama akasoma majina mawili ya waliotengwa na meza ya Bwana, mmoja kwa kwenda kwa mganga. Nikahisi masikio yanawaka. Mimi ninakwenda kuvua viatu mbele ya masanamu.
Maana nimekubali. Nilikubali juzi, sijui hata saa ngapi ndani ya moyo.
Baada ya ibada nimemwita wifi yangu Ndeshi nyuma ya banda la ng'ombe. Ndiye dada yake Zefania, ndiye rafiki niliyebaki naye. Nimemwambia kila kitu. Kisha nikampa Biblia aishike: asimwambie mtu yeyote nilikokwenda. Mtu yeyote. Akiulizwa aseme nimesafiri, basi. Ameshika, ameapa, halafu akacheka kwamba nitarudi na alama nyekundu kwenye paji la uso.
Mama mkwe nimemwambia ni safari ya kazi. Kaniangalia. Hakuuliza.

Jumanne, 7 Februari
Nimefua, nimekunja. Shati la Zefania la kitambaa cha samawati nimelipiga pasi nikalitundika tena mlangoni. Ufunguo nimempa Ndeshi, na ng'ombe, na maagizo ya kila kitu.
Ninaogopa jambo moja tu. Akija asinikute.
Ndeshi anasema miaka mitatu hakuja, atakuja wiki hizi mbili? Amesema kweli. Kweli yake imeniuma kuliko hofu yangu.

Ijumaa, 10 Februari
Nairobi, Bombay, Colombo. Kwenye ndege sikulala, nilishika mkono wa Ba, au yeye alishika wangu.
Joto hapa linalowesha. Mtu anayetuongoza anaitwa Sunil, kijana wa kiasi, mstaarabu, anazungumza na Ba Kihindi na mimi Kiingereza changu cha darasa la saba. Wananiuliza kila mahali ninatoka wapi. Nikisema Tanzania wanatikisa kichwa kwa namna ambayo sijui ni ndiyo au hapana.

Jumapili, 12 Februari
Anuradhapura. Mji wa kale, nguzo za mawe zimesimama mwituni kama shamba la migomba iliyokatwa vichwa. Kuna kuba kubwa jeupe, refu kuliko mnara wowote niliouona, limejaa matofali ndani, halina chumba. Watu wanalizunguka tu, kimya, na maua mkononi. Halafu kuna mti wanaosema una zaidi ya miaka elfu mbili, umezungushiwa uzio wa dhahabu, matawi yake yamepewa magongo ya kuegemea. Wanawake wanaumwagia maji.
Viatu unaviacha langoni. Mawe ya saa sita yanachoma. Wamama wa Moshi wanarukaruka na soksi zao, mimi natembea. Nyayo za shamba zina faida.
Sunil akaeleza kwamba mafundi wa kale walipojenga kuba walikuwa na mlima mmoja akilini, mlima wa katikati ya dunia, unaitwa Meru. Nimecheka kwa sauti. Nikamwambia mlima huo nimeuacha nyuma ya banda langu na juzi ulikuwa na mawingu. Hakuniamini mpaka Ba alipoapa.
Kisha kicheko kikaisha ghafla. Saa hizi kule jua limeshapanda. Ndeshi ameshakamua.

Jumanne, 14 Februari
Dambulla. Mapango juu ya mwamba. Nimempandisha Ba ngazi kwa saa moja na nusu, hatua, pumzi, hatua. Ndani giza na baridi, Buddha wamepangwa mamia, mmoja amelala urefu wa nyumba, dari lote limechorwa mpaka kwenye nyufa.
Nikafanya kosa. Mama mmoja alitaka kunipiga picha, nikasimama nikalipa sanamu mgongo. Mlinzi akapiga makofi, akaja mbio. Hupaswi kumpa Buddha mgongo. Nimeomba radhi kama mtoto wa shule. Nilichofikiri ni kwamba wazee wa kanisa wangefurahi.
Sijasali humu. Nimejizuia. Naangalia tu. Lakini watu wanapopiga magoti na kufumba macho, wanaomba vitu vilevile. Sunil ananitafsiria nikimwuliza. Mtoto apone. Mwana apate kazi. Mume arudi kutoka vitani, huku kaskazini kuna vita, ingawa sasa wamesimamisha. Mwanamke huyo aliyemwombea mumewe alikuwa rika langu. Tumeangaliana.

Alhamisi, 16 Februari
Kandy. Hekalu wanakotunza jino la Buddha. Jino lenyewe hulioni, unaona mlango wa chumba kwa kupita, ngoma zinapigwa, maua meupe na ya samawati yamerundikwa mezani. Nimesukumwa, nimekanyagwa, nimempoteza Ba dakika tano nikadhani nitazimia. Nimemkuta amekaa chini na bibi wa Kisinhala, hawana lugha moja, wanaonyeshana magoti.
Nimemwota Zefania usiku. Alikuwa ananawa miguu uani, amenipa mgongo, kila nikimwita anaongeza maji. Nimeamka na hasira naye, na kumtaka palepale. Nataka uzito wake kitandani. Nataka hata kikohozi chake cha asubuhi. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 17 Februari
Hekalu la nadhiri.
Tumepanda milimani, mashamba ya chai kulia na kushoto, ukungu, baridi ya kwetu kabisa. Hekalu lenyewe dogo, la rangi nyingi, liko bondeni kando ya kijito. Nilitegemea kubwa. Wanaamini kwamba mke wa mmoja wa miungu yao alitekwa akaletwa kisiwani, akafungiwa kwenye bustani mahali hapa, akamsubiri mumewe. Aliyemteka alimpa kila kitu, akakataa kila kitu. Akasubiri. Kwenye jiwe la kijito kuna mashimo wanasema ni nyayo za yule aliyetumwa kumwambia, mumeo anakuja.
Nikamwuliza Ba, yule mke alipookolewa wakaishi vizuri? Ba akajifanya kutafuta fimbo yake. Baadaye kidogo akasema, "Mume alimwuliza alikuwa wapi." Sikutaka kujua mengine.
Kuhani alimbariki Ba, akamwekea mkononi ndizi iliyotolewa sadaka, ndogo, nene, ganda lina madoa. Ba akaimenya polepole. Akala yote amesimama, machozi yanashuka mpaka kidevuni, anatafuna. Alipomaliza akasema za kwetu tamu zaidi. Tukacheka sote na kulia.
Mimi nililia kwa wivu. Naandika kweli maana hakuna atakayesoma. Nilimwona mtu ambaye kusubiri kwake kumeisha, ameshika ganda, hana deni tena na Mungu wake. Nikamwonea wivu mkubwa.
Nikateremka kijitoni peke yangu. Nikanawa uso. Nikasema kwa Kimeru, Mungu, arudi. Tu hivyo. Ni Mungu wangu niliyemwita, lakini mahali palikuwa pao. Kama ni dhambi nimeitenda.

Jumatatu, 20 Februari
Tumerudi pwani ya Colombo. Ba amenunua sari tatu na hirizi za wajukuu wasiokuja kumwona. Mimi nimemnunulia Zefania mkanda wa ngozi. Upumbavu. Simjui tena hata kiuno.
Nataka kwenda nyumbani.

Ijumaa, 24 Februari
Nimefika jioni. Ndeshi alikuwa amekaa kizingitini kwangu, kanga kichwani. Nilifikiri mama mkwe amefariki.
Alikuja.
Alifika Ijumaa iliyopita. Na godoro jipya la sponji kichwani na redio ya betri nne. Amekonda, amekuwa na mvi, Ndeshi anasema. Akakuta mlango umefungwa. Akauliza mke wangu yuko wapi. Mama akasema safari ya kazi. Safari gani, mfanyakazi wa ndani? Akamwuliza Ndeshi. Ndeshi akasema amesafiri. Wapi? Amesafiri. Na nani? Amesafiri. Siku nne akimwuliza dada yake, siku nne dada anajibu neno moja. Majirani wakaongeza yao, kwamba wanawake wanaokwenda mjini kila siku hawakosi mtu wa kuwapeleka. Jumanne asubuhi akaondoka. Godoro kaacha. Redio ameondoka nayo.
Nilimpigia Ndeshi kelele mpaka ng'ombe wakashtuka. Akapiga magoti.
"Ulinishikisha Biblia, wifi. Ulisema mtu yeyote. Yeye si mtu?"

Jumamosi, 25 Februari
Siwezi kumlaumu Ndeshi. Nimejaribu usiku kucha. Niliwaogopa wazee wa kanisa, nikamfunga mdomo mtu pekee ambaye angemzuia. Kosa ni langu, na mkono wangu ndio ulioshika Biblia upande wa pili.
Shati la samawati halipo mlangoni. Amelichukua.
Ijumaa ile. Siku ya kijito. Niliomba arudi.

Jumatatu, 27 Februari
Nimemweleza Ba huku nikimkanda. Akauliza kama Zefania alikuja hapa Themi kuuliza. Hakuja. Mlinzi angemwambia kila kitu, nchi, siku, hata jina la ndege, maana Ba aliutangazia mtaa mzima. Kutoka Usa River mpaka hapa si saa moja.
Hakuja kuuliza.
Hilo sikuwa nimeliona. Limenikaa kifuani tangu saa nne. Mimi nimesubiri miaka mitatu. Yeye siku nne, na amechoka.

Jumatano, 1 Machi
Nimeandika barua. Kurasa mbili. Nimeeleza Ba, nadhiri, kisiwa, mahekalu, wazee wa kanisa, Biblia, Ndeshi. Sikuficha hata kijito. Mwisho nimeandika: niko nyumbani, njoo, au niambie nije. Nimempa mpwa wa jirani, mtu mzima anayechimba shimo la karibu na la Zefania. Ameapa ataiweka mkononi mwake.
Jioni nimekwenda kwa mchungaji mwenyewe, kabla hajaletewa maneno. Nikamwambia nilikokwenda. Aliuliza kama niliabudu. Nikasema niliomba. Aliuliza nilimwomba nani. Nikamwambia. Akasema tuombe. Hakuna aliyenitenga. Hofu yote ile, kwa jambo la robo saa.

Alhamisi, 9 Machi
Hakuna jibu. Mvua za kwanza zimeanza.

Jumanne, 14 Machi
Hakuna. Ba kaniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa.

Jumamosi, 18 Machi
Yule mchimbaji amekuja nyumbani kwao, nikamfuata. Barua alimpa mkononi. Zefania aliisoma akiwa amekaa juu ya ndoo, akairudia mara ya pili, akaikunja akaitia mfukoni. Nikauliza alisema nini.
"Amesema amesikia."
Nikasubiri aendelee. Hakukuwa na kingine.
Nimerudi nikapanda maharage. Udongo umelowa vizuri. Mama mkwe alikuja na jembe lake bila kuitwa akashika mstari wa pili, tukapanda mpaka saa kumi na mbili. Alipoondoka alisema niache kuacha nafasi kubwa hivi, shamba litaisha mbegu hazijaisha.
Bado namtaka. Sina haja ya kujidanganya humu. Lakini nilipokuwa nanawa, mbwa wa jirani walibweka, mtu akapita njiani, akasimama kidogo karibu na lango letu. Zamani ningekimbia na mikono inayochuruzika. Leo nilikuwa na udongo kwenye kucha, nikamalizia kucha.