Kwa Cyriel, Aliyetuandikia Kitabu Kimoja cha Kuimbia

Mwaka mmoja umetimia, Cyriel, tangu mchana ule wa Machi ulipojilaza kidogo na kiatu kimoja mguuni, usiamke tena. Kile kiatu nilikuvua mwenyewe. Nilikuwa nimekuambia uvue vyote viwili.

Bado nachemsha kahawa ya watu wawili. Haimwagwi. Firmin muoka mikate hupita na mkate wa zabibu akanywa hiyo ya pili, na hunipa habari za mji kwa kupaza sauti kana kwamba mimi ni kiziwi. Ni moyo wake mwema, namwacha apige kelele.

Miaka arobaini ulichora mabango ya maduka. Hapa mjini Lier watu wanasoma herufi zako kila siku bila kujua ni zako: bucha, duka la dawa, fundi baiskeli. Ulipomchorea mjane wa mtaa wa Kapellestraat bango la duka lake la vitambaa, ulimwongezea ua dogo pembeni, hakukuomba. Mpaka leo analifuta vumbi.

Nyumbani uliwasha jiko kabla sijaamka. Mvua ikinyesha ulitembea upande wa madimbwi ili mimi nipite pakavu. Ukinyoa ndevu uliimba zile misa za kale, na mjukuu wako Lutgart akajua kuomba huruma ya Mungu kwa Kilatini kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nyimbo hizo ulizipenda kuliko chakula. Zilitungwa na watu wa nchi hii hii miaka mia tano iliyopita, sauti nne, bila kinanda. Ulisema ni kama watu wenye adabu mezani: kila mmoja ana lake la kusema na hakuna anayemkata mwenzake kauli. Ukisema hivyo, nilijua unawafikiria watoto wetu.

Maana Wannes na Bavo walikuwa hawasemezani. Bavo aliachiwa njiwa wa mashindano wa kaka yake, akasahau kufunga banda, paka akaingia. Aliliwa njiwa mmoja tu, lakini alikuwa bingwa. Miaka mitatu! Wote wawili waliimba katika kwaya yetu ndogo ya watu tisa, mmoja mwisho huu wa mstari, mwingine mwisho ule, kila mtu na karatasi yake. Krismasi nilipika mara mbili. Na daktari alikuwa amekwisha kukueleza habari za moyo wako. Kufa hukukuogopa sana. Uliogopa kwenda kabla hujawasikia wakiongea.

Ndipo ulipotangaza kwamba utanakili misa nzima katika kitabu kimoja kikubwa, kama walivyofanya wazee, kwaya yote isome humo.

"Mzee Cyriel, karatasi tunazo," alisema Hedwig, anayeongoza kwaya. "Ya nini kujitesa?"

"Wino ninao," ulimjibu, "na kazi sina."

Katika vitabu vya namna hiyo kila sauti ina kona yake. Sauti ya tatu, ambayo ni ya Wannes, hukaa chini kushoto. Besi ya Bavo hukaa chini kulia. Anayetaka kuona lazima asogee katikati, bega kwa bega na mwenzake. Wao walilielewa hilo upesi.

Bavo alinipigia simu. "Mama, mwambie Baba anitolee karatasi yangu peke yangu."

"Mwambie mwenyewe."

"Atasema nini?"

"Atasema wino haujakauka."

Wannes yeye alikuja mpaka jikoni, akasimama nyuma yako. "Baba, hila gani hii?"

"Hila? Mimi nachora tu, mwanangu. Sogea, unanizibia mwanga."

Wiki sita meza ya jikoni ilikuwa yako. Tulikula mchuzi wa nyama iliyopikwa kwa bia sahani zikiwa mapajani, nami sikulalamika, isipokuwa ile siku ulipochovya kalamu kwenye kikombe changu.

Ikafika Alhamisi ya kwanza ya mazoezi na kitabu kipya. Nilikaa kanisani benchi la pili nikifuma soksi. Wanao walisimama kama miimo miwili ya mlango, macho mbele. Nyimbo hizo hazina mistari ya kugawa mapigo, ukipotea, umepotea. Walifika mahali sauti ya tatu inapotangulia na besi inaifuata. Bavo akaingia mapema, na kanisa zima likalia kama bawaba kavu.

"We! Subiri!" Wannes alifoka. "Masikio umeyaacha wapi?"

"Naimba kilichoandikwa!"

"Unatakiwa unyamaze mapigo mawili!"

"Yako wapi? Nionyeshe, bingwa wa njiwa!"

"Usinitajie njiwa!"

"Nimemtaja! Nikutajie na paka?"

Sindano zangu zilisimama. Firmin, anayeimba besi pamoja na Bavo, aliguna, kisha akashindwa kujizuia, akacheka hadi akashika kinara cha mishumaa. Wannes aliinama juu ya kona ya mdogo wake, akapitisha kidole taratibu.

"Kweli," alisema. "Alama ya kunyamaza haipo."

"Si nimekuambia?"

"Baba kasahau."

"Baba hasahau."

Wote wawili wakageuka kukutazama. Wewe ulikuwa unatazama dari.

Hedwig akasema turudie. Mara hii, walipokaribia mahali pale, Wannes aliweka mkono begani kwa Bavo akampigia mapigo mawili kwa vidole, kama waimbaji wa zamani walivyokuwa wakifanyiana. Bavo akaingia sawasawa. Ule mkono ulibaki pale mpaka mwisho wa ukurasa.

Watu wa Lier husema ulifanya makusudi. Hata padre alikusifu hivyo siku ya mazishi, na nilimwona Bavo akiitikia kwa kichwa kwa fahari. Nisamehe, mume wangu, leo nasema ukweli, kwa sababu sifa isiyo yako hukuwahi kuipenda. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ulinishika mkono darajani ukasema, "Godelieve, nilisinzia nikinakili. Nimekosea." Masikio yako yalikuwa mekundu. Miaka arobaini hukuwahi kuruka herufi.

Lakini asubuhi yake nilikuletea kalamu na wino usahihishe. Ulichovya. Ulikaa na kalamu hewani kwa muda mrefu, kisha ukaifuta kwa kitambaa.

"Bavo akiandikiwa alama ile," ulisema, "hatamhitaji Wannes."

Hilo ndilo ulilofanya makusudi. Ulikubali aibu ya kosa ibaki kitabuni, kwa mwandiko wako mwenyewe, kila mtu alione.

Ukajaliwa miezi kumi na moja zaidi. Kila Jumapili walikuja kula, wakabishana juu ya waendesha baiskeli, juu ya viazi, juu ya nani alivunja dirisha la jirani mwaka ule. Wewe ulikula ukitabasamu ndani ya sahani.

Nitakuambia na nililoliogopa mimi. Ulipoondoka, Bavo aliacha kwaya, nikadhani kimya kile kinarudi. Baada ya wiki tano Wannes alikwenda mlangoni kwake. Mkwe wetu Sabien, mke wa Bavo, alimsikia: "Vaa koti, twende. Nimechoka kumpigapiga Firmin begani, na yeye anaingia anapotaka." Bavo akavaa koti.

Jumamosi hii saa nne asubuhi misa yako itaimbwa kutoka kitabu chako. Nanyi mnaosoma haya, baadaye karibuni nyumbani, kuna kahawa na keki ya wali.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Godelieve. Dada yako Philomène. Wakwe zako Annelore na Sabien. Wajukuu zako Lutgart na Jef. Hedwig, Firmin na kwaya yote. Pamoja na wanao Wannes na Bavo, waliokaa nami mezani jana kutwa wakiniandikia haya kwa zamu, na kubishana karibu kila neno.

Tumekukumbuka kila siku ya mwaka huu, na tutakukumbuka kila siku tutakayojaliwa kuiona.