Koti la Mtoto Asiyekuwepo

Tarehe 4 Juni

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu zikukute umekula, maana wewe ukishika kazi unasahau tumbo, kama marehemu babu yako, mume wetu. Mimi mzima. Miguu inalalamika lakini sijaiuliza kitu. Mama yako mwambie shuka nimepokea, na asinitumie tena nyeupe, mimi si maiti.

Sasa sikiliza. Kile kitabu ulichoniachia kimekwisha. Unajua tulivyopatana hapa kiwandani. Mashati yakitoka kwenye mashine yanaletwa chumbani kwetu kumaliziwa, na kazi yangu ilikuwa vifungo. Vidole vikaanza kukunjamana kama makucha ya kuku, sindano ikawa inanishona mimi badala ya shati. Wenzangu wakasema, "Bibi, wewe tusomee, vifungo vyako tutagawana." Nikasoma. Shule yangu iliishia darasa la tatu, nasoma kwa kidole kama mtu anayetafuta chawa, lakini nasoma, na mashati yanatoka. Msimamizi mwanzoni alinyamaza. Siku hizi anapita mlangoni anauliza, "Huyu mama analipwa kwa mdomo?" Nikamjibu, "Na wewe unalipwa kwa kupita?" Chumba kilicheka. Yeye hakucheka.

Bila kitabu mimi ni mzee aliyekalia kiti cha watu, na atanitoa. Wewe uko huko maktaba, umezungukwa na vitabu kama panya ghalani. Tuma. Lakini mapenzi matupu sitaki tena. Kile cha mwisho, yule msichana alilia kutoka jalada hadi jalada. Mama Pindo, anayekunja pindo za mashati, alisema angekuwa mwanawe angempa ndoo akafue. Nichanganyie: cha kubuni na cha kweli, cha kucheka na cha kutisha. Chumvi peke yake si chakula.

Bibi yako

---

Tarehe 15 Juni

Shikamoo Bibi,

Nimefurahi kusikia miguu inalalamika tu, haijagoma. Sisi hatujambo, ila baridi ya huku inaingia mpaka ndani ya soksi. Na nimekula.

Nimekuchagulia vitabu. Kimoja ni cha msichana yatima anayelala kwenye kibanda cha tiketi, stesheni ya treni. Wasomaji wetu wanakilia. Kingine kinahusu pweza. Cha mwisho ni cha wizi, usichungulie ukurasa wa mwisho. Sikueleza mengi, mtaona wenyewe kipi ni kipi.

Bibi, usinikasirikie. Mimi na Mama tumezungumza. Umefanya kazi tangu utotoni. Nimekuandalia chumba hapa kwangu, dirisha lake linapata jua la asubuhi. Njoo upumzike.

Mjukuu wako

---

Tarehe 9 Julai

Mke mwenzangu,

Huku wazima, ila Pasi, yule anayenyoosha mashati, ana mafua na anapiga chafya kwenye kola za watu. Nawe? Unajifunika vizuri?

Vitabu vimefika. Cha pweza nimekifunga ukurasa wa kumi. Mwandishi wake ni mwongo asiye na haya. Eti pweza ana mioyo mitatu! Eti damu yake ni ya bluu! Chumba kizima kilipiga kelele. Mama Pindo akasema, "Mioyo mitatu? Mimi huu mmoja tu umeniingiza matatani na wanaume wawili." Nimekiweka chini ya mguu wa meza inayocheza. Hapo kinafaa.

Lakini yule mtoto wa stesheni! Ulijuaje mambo haya ukakaa kimya? Mtoto wa miaka minane anajifunika magazeti, watu wanapita na masanduku yao. Pale alipomwomba mkata tiketi alale karibu na jiko, akafukuzwa, nilishindwa kuendelea. Nilisoma mstari uleule mara mbili, kidole kikagoma kusogea. Hatukungoja mwisho. Tumechukua mabaki ya kitambaa kizito, Mama Pindo kakata, wengine wameshona wakati wa chakula, Pasi kanyoosha. Vifungo nimetia mimi. Vyote. Usiniulize nimetumia muda gani.

Koti limo kwenye kifurushi hiki. Mikono tumeiacha mirefu, maana kitabu si cha juzi na mtoto anakua. Huku hatuna treni, kwa hiyo stesheni itakuwa huko kwenu. Mpelekee. Na huyo mkata tiketi mwambie aombe nisije huko.

Bibi yako

---

Tarehe 20 Julai

Shikamoo Bibi,

Natumaini Pasi amepona na kola zimesalimika. Sisi wazima.

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Mtoto wa stesheni hayupo, Bibi. Kile kitabu ni riwaya. Mwandishi amemtunga kichwani mwake, yeye na kibanda chake na mkata tiketi. Wa kweli ni pweza. Mioyo mitatu anayo, na damu yake ni ya bluu. Kosa ni langu, ningewaambia tangu mwanzo.

Koti nililitandika kitandani nikalitazama. Nimeviona vifungo vyako. Nimeyaona na madoa madogo ya damu kwenye bitana. Ndiyo maana nasema basi. Mimi na Mama tumeamua kwamba sitatuma vitabu tena. Kama kitabu ndicho kinachokushikilia kwenye kile kiti, nisiwe mimi ninayekaza fundo. Chumba kiko tayari. Sema tu lini nije kukuchukua.

Mjukuu wako anayekupenda

---

Tarehe 28 Julai

Mjukuu,

Salamu. Mimi mzima.

La koti nimewaambia wenzangu. Bahati mbaya msimamizi alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mnashonea watu wa hewa!" Pasi aliona haya, akalia ndani ya shati la mtu. Mama Pindo hakuinua hata macho. Akasema, "Mtoto ni wa hewa. Baridi je?" Basi na wewe nakuambia hivyohivyo: mtoto hayupo, baridi ipo. Tafuta anayeisikia umpe koti.

Pweza nimemtoa chini ya meza, nikamfuta vumbi, nikamwomba radhi mbele ya watu. Tumemsoma mpaka mwisho. Meza inacheza tena. Acha icheze.

Sasa hilo la kuamua. Mliamua mkiwa mmekaa wapi, na mimi nilikuwa wapi? Mbuzi ndiye anayefupishiwa kamba ili arudi zizini. Mimi nilikaa kiti hiki mama yako akiwa hajajua kutembea. Nilimlea kwa mashati, na wewe ulisoma kwa mashati. Damu iliyo kwenye bitana ni yangu, sikukuomba uilinde. Ukinipenda, nitumie vitabu. Ukitaka kuhurumia, hurumia paka.

Bibi yako, bado

---

Tarehe 30 Agosti

Mjukuu wangu,

Mwezi mzima sijaona mwandiko wako. Nimejiambia ni posta. Siamini ni posta. Lakini najua u mzima, maana ungeugua kilio cha mama yako ningekisikia huku.

Kile cha wizi tulikimaliza, nikabaki mikono mitupu. Msimamizi akaja na redio, akaiweka dirishani, akanipa sindano. "Mama, hakuna kitabu, hakuna kiti cha bure. Mpaka mwisho wa mwezi ujao utie vifungo kama wenzako, la sivyo ukapumzike nyumbani." Maneno yenu, utadhani mmeandikiana. Nikaipokea sindano, sikutaka kumpa raha ya kuniona naomba. Shati la kwanza nililitia doa kwenye kola. La pili kifungo kilining'inia kama jino la mtoto. Redio yake muda wote inatangaza sabuni.

Nilivumilia hivyo siku kadhaa. Asubuhi moja Mama Pindo akainuka, akaizima redio, akatoa mfukoni kitabu cha jiografia cha mwanawe. "Soma, Bibi. Hivyo vifungo leta huku." Kesho yake Pasi kaleta cha mambo ya uzazi, kurasa za katikati zimegandana. Mwingine kaleta maisha ya mwanamke dereva wa lori, ameyaandika mwenyewe. Mwingine hadithi ya watoto wake, ya jini mvivu, tukacheka mpaka kengele ikalia hatukuisikia. Hawa ni watu wasio na rafu nyumbani. Wamepekua mpaka chini ya vitanda. Na wewe una ghala zima, umelikalia.

Lakini nahesabu kurasa, zinakwisha. Siji huko. Vikiisha nitasoma karatasi za dawa, nitasoma matangazo ya ukutani, siji.

Nyuma ya barua nimeandika neno langu juu ya kila kitabu. Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya huyo anayekuja maktaba hajui aanzie wapi, nawe unamwambia "wasomaji wanakilia" ukadhani umemwambia kitu.

Bibi yako

---

Tarehe 10 Septemba

Shikamoo Bibi,

Nisamehe. Si posta. Nilikaa kimya nikingoja uchoke, kumbe nimechoka mimi.

Koti nililitundika nyuma ya kiti changu pale mapokezi. Kuna mama anayefagia barabara ya nje. Akimaliza huingia na binti yake, wanakaa karibu na kipasha joto, wanajifanya wanasoma gazeti. Wiki iliyopita binti akaniuliza koti ni la nani. Nikamwambia ni la mtoto wa kwenye kitabu. Akafikiri. "Sasa yeye huko hasikii baridi?" Nikamvisha. Mikono imempita vidole, kama mlivyotaka. Kisha akataka na kitabu.

Jioni hiyo nilinakili maneno yako nikayabandika rafuni. Chini ya riwaya: "Mtoto hayupo, baridi ipo." Chini ya pweza: "Nilimwita mwongo. Nimemwomba radhi." Bibi, pweza wetu wa hapa, nakala ya pili, hakuwa ameazimwa tangu aingie humu. Sasa ana foleni. Watu wananiuliza, "Yule bibi mkali anasemaje kuhusu hiki?" Nikageuza barua yako nikawabandikia na ya dereva wa lori: "Mume alimwambia achague gari au yeye. Msome mjue alichagua nini, ingawa mimi nilishajua."

Sanduku linakuja. Mama amenuna, lakini alishika upande mmoja mpaka posta. Ndani ya kila kitabu nimeandika kama ni cha kweli au cha kubuni. Ukimaliza kimoja, niandikie neno lako.

Chumba bado kipo. Sitakusukuma.

Mjukuu wako

---

Tarehe 2 Oktoba

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi, leo zenye tabasamu, zichukue haraka kabla sijabadilika. Huku wazima wote. Sanduku limefika likiwa limebondwa pembe moja, lakini vya ndani salama.

Haya, bandika.

Ile historia ya chumvi: mpe anayesema historia haimhusu, na huku kila siku anaila.

Riwaya ya ndugu wawili na nyumba ya baba yao: usimpe mwenye kesi ya mirathi. Au huyo ndiye umpe kwanza.

Yule mpanda mlima: alipanda, akashuka, hakuna aliyemtuma. Lakini alivyoieleza kiu, Pasi aliinuka akanywa maji.

Mashairi sikuyaelewa nusu yake. Nusu niliyoielewa imenikaa kifuani, haitoki. Wachukue hivyohivyo.

Mwisho wa mwezi umepita. Msimamizi alikuja siku yenyewe, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nilikuwa nasoma kile kipya cha wizi, cha mkufu uliopotea hotelini. Nikaweka kidole kwenye mstari, nikamtazama, nikasema moyoni leo ni leo. Akakohoa. Akasema, "Ni mpishi aliyeuchukua, si ndiyo?" Chumba chote kikageuka. Kumbe siku zote zile alikuwa anapita taratibu ili asikilize! Nikamwambia, "Baba, hapa anayesikiliza anashika shati. Kaa." Alisita, akaangalia nyuma kama kuna anayemwona, akakaa. Kifungo chake kinaning'inia kuliko changu. Redio ameirudisha ofisini kwake, na habari ya mimi kwenda nyumbani hajaigusa. Akiigusa nitamjibu, kurasa ninazo.

Lakini mimi si mjinga, mjukuu wangu, macho hayatanisubiri milele. Pasi nimeanza kumfundisha kusoma mbele ya watu. Anaruka maneno magumu kama anaruka madimbwi. Namrudisha kila dimbwi. Siku atakapovuka ukurasa bila kulowa, nitamwachia kiti, mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, na hapo ndipo utakuja kunichukua. Si kabla. Chumba chako cha jua la asubuhi usikiache kikaota buibui kunisubiri. Weka rafu. Ziwe imara.

Na huyo binti wa mfagiaji mwambie anapokunja mikono ya koti akunje kwa ndani, nje inachafuka. Kitabu akikimaliza nataka neno lake kwa mkono wake. Asiniandikie "kizuri". Kizuri si neno.

Bibi yako, kitini