Mshiriki Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Vimevunjika vitatu! Vifaa vitatu vya kuvutia dawa ya unga, miezi kumi na minne ya kuumiza kichwa, na wazee wenye pumu wamevivunja pale kliniki kabla hata ya saa nne asubuhi. Kosa ni langu. Juu ya kifaa niliandika kwa herufi kubwa: VUTA KWA NGUVU. Basi wakavuta. Wakashika kipande cha mdomoni, wakakichomoa kama kizibo.

Wa tatu alikuwa mama yangu mzazi. Kanitazama, kipande kiko mkononi: "Nimevuta, mwanangu. Bado?"

Mkurugenzi (maabara nzima tunamwita Bwana Asilimia, na anajua) kasema tatizo ni watu. Nimebadilisha maandishi: VUTA PUMZI NDANI KWA NGUVU. Maneno mawili tu ndiyo yaliyokosekana. Mhandisi mzima!

Alhamisi, 6 Machi

Vifaa vipya vimetoka. Kwa kuwa tulikuwa tunavitengeneza upya, nimeibana na njia ya hewa kwa nusu milimita. Ikibanwa, hewa hupita kasi, unga unatawanyika vizuri na kushuka kifuani badala ya kukwama kooni. Pampu yetu ya majaribio imevuta asilimia tisini na mbili! Tangu tuanze haijawahi. Bwana Asilimia kanipa mkono, jambo ambalo hafanyi hata kwenye harusi.

Pampu hiyo, lakini, haina pumu. Haizeeki, haichoki, haikatai. Laiti ningekuwa na mume wa hivyo!

Wazee kumi na wawili wamegawiwa: kapsuli moja ya unga ya kutia kwenye kifaa asubuhi, moja jioni. Maganda wanayarudisha, tunayapima kuona unga uliobaki. Inhela zao za zamani za kupuliza wanabaki nazo, ila ni za dharura tu, kasema daktari. Mama ni mshiriki namba tisa.

Jioni kajaribu mbele yangu. "Ni kama kunyonya asali kwa mrija," kasema. Halafu kaniangalia usoni, kaongeza haraka: "Lakini nzuri! Nzuri sana."

Jumatano, 12 Machi

Tumepima maganda ya wiki ya kwanza. Wazee kumi na mmoja wameacha karibu nusu ya dawa ndani. Namba tisa? Sifuri. Maganda meupe, matupu, utadhani yameoshwa. Mama yangu kaishinda pampu!

Bwana Asilimia kasema wengine hawafuati maelekezo, na namba tisa ndiye mfano. Kamchora juu kabisa kwenye grafu, kwa rangi ya kijani. Alhamisi ya wiki ijayo wanakuja wageni wa kuamua kama kifaa kianze kutengenezwa, na anataka Mama aje kuonyesha.

Nimempigia Mama kumpongeza. Kauliza nitakula nini jioni.

Jumapili, 16 Machi

Mama kapumzika mara mbili kwenye ngazi. Ghorofa moja! Kasema ni vumbi la wanaopaka rangi pale chini. Nimemwuliza, "Dawa inaingia?" Kasema inaingia mpaka anaisikia kwenye vidole vya miguu.

Nimepita duka la dawa kununua panadol. Muuzaji, mchangamfu kupita kiasi, kaniuliza Mama anaendeleaje, maana inhela aliyochukua juzi ni ya pili ndani ya siku kumi.

Inhela moja humtosha miezi miwili. Usingizi hauji.

Jumanne, 18 Machi

Nimerudi mapema. Mlango wa bafuni wazi. Mama kainamia sinki, kapsuli mkono mmoja, pini ya nywele mkono mwingine, anakomba unga taratibu na kuumwaga. Maji yanaendelea kumwagika. Dawa yangu, miezi yangu kumi na minne, inakwenda na maji machafu.

Nilipiga kelele. Sijivunii hilo. Kakaa kwenye ukingo wa beseni, kanijibu polepole, maana pumzi ilikuwa inamkatikia: "Kila jioni unaingia, hujavua hata viatu, 'Mama, imeingia?' Ningekujibuje?"

"Ungeniambia ukweli!"

"Si nilikwambia? Asali kwa mrija. Uso ukakushuka."

Nimelia. Hapo hapo, viatu bado mguuni. Lakini hapa naandika peke yangu, kwa hiyo niseme: nilijua tangu Jumatano. Pampu yenyewe inabakiza nane. Sifuri haipo duniani. Nililiona, nikafurahi, nikafunga faili. Na wale kumi na mmoja hawakuwa wabishi. Hawakuwa na pumzi ya kutosha, basi. Ile nusu milimita niliwabana nayo mimi.

Nimempigia Bwana Asilimia, nikamweleza yote, mpaka pini. Kasema: tutazungumza wageni wakishaondoka. Nikasema sawa. Nimesema sawa!

Mama nimemwambia Alhamisi abaki nyumbani. Kaitikia bila ubishi. Si kawaida yake.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne na robo, ukumbi wa mikutano. Naandika daftari likiwa mapajani, chini ya meza. Wageni sita, maji ya chupa, ile grafu ukutani. Na Mama! Kakaa safu ya mbele, gauni la bluu la sherehe, nywele kazibana kwa pini ile ile. Bwana Asilimia kamtumia gari.

Nimemfuata, nikamnong'oneza: twende nyumbani. Kanipigapiga mkono. "Leo nitavuta kweli. Nimefanya mazoezi."

Anahema kwa mabega. Nasikia kifua kinapiga filimbi kutoka hapa nilipo.

Bwana Asilimia anasema: na sasa, mshiriki wetu bora, mama mzazi wa mhandisi wetu. Makofi. Mama kainuka, kashika kiti kwanza, kanipa mkoba wake nimshikie.

Mwepesi mno. Nimeufungua: leso, miwani, funguo. Inhela haimo. Mama yangu hajatoka nyumbani bila inhela tangu mimi niko shule ya msingi. Kaiacha ili wageni wasiione, asinitie aibu.

Kashapewa kifaa. Anasoma maandishi yangu, midomo inacheza: vuta, pumzi, ndani.

Nasimama.