Kiti cha Kiarabu

Ushirombo, 9 Machi 1979

Kaka Otmar,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi parokiani. Sisi wazima, ila mvua imechelewa. Ng'ombe wa marehemu Baba amezaa ndama jike.

Nilimsomea Mama kwamba chuo kikuu cha huko Ulaya kimekupa Kiti cha Kiarabu. Alicheka, akauliza kama ni cha mninga. Nikamweleza kuwa ni kazi ya uprofesa: tajiri mmoja wa vitambaa aliacha mali yake miaka mia tatu iliyopita ili mwalimu wa Kiarabu asikosekane, na mmoja akifa anawekwa mwingine.

"Wa kwanza alizikwa wapi?" aliuliza.

Nikatazama kwenye barua, maana uliwaandika kwa fahari wote tisa waliokutangulia, na makaburi yao. Hapo hapo chuoni.

"Na wa pili?"

Hapo hapo. Tulikwenda hivyo mpaka wa tisa.

Unakikumbuka kiti cha Baba. Tulipohamishiwa kijiji kipya, Mama alikibeba mwenyewe kichwani, na miaka yote hii hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, kwa sababu ni cha mwanawe mkubwa akirudi. Jana katekista Telesphori alikuja kututembelea, akataka kukaa mkekani kama kawaida. Mama akamvutia kile kiti.

"Kalia tu, mwalimu," alimwambia. "Mwenyewe kapata kingine."

Mdogo wako,
Febronia