Mnyororo Uliokuja Bila Nanga

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka Mandawa. Bibi yako hajambo, ufuta tumeshavuna, ila yule mbuzi wako mkorofi amekufa.

Umeniuliza nililijuaje neno nanga, mimi mtu wa bara. Nililijulia Nachingwea ujanani, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Tulikuwa tunafunga mnyororo mnene kati ya matrekta mawili; yakienda pamoja, msitu unalala. Siku moja mwenzangu Selemani, aliyewahi kuwa baharia Lindi, aliukwangua kutu akacheka.

"Huu ni wa meli. Mwishoni hukaa nanga, chuma chenye makucha kinachoshika chini ya maji, meli isichukuliwe. Wazee wa pwani husema neno lenyewe lilitoka kwa Waajemi."

"Sasa nanga yenyewe iko wapi?"

"Hawakuileta."

Baadaye karanga zilikataa, Wazungu wakafunga mizigo wakaondoka. Nikamuuliza Selemani mbona yeye harudi kwao. Akanyoosha kidole uani, alikokuwa dada yangu, mkewe, akipepeta mtama.

"Nanga ile pale," akasema. "Nitakwendaje?"

Kaburi la Selemani liko hapa hapa Mandawa, Zuhura. Ukija nitakuonyesha.

Babu yako