Siku Uliyonifichia Mfuko

Mama Véro, mama yangu wa wiki tatu,

Naanza na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Nimekukasirikia, Mama. Nimekukasirikia tangu siku Véro aliponipigia simu. Na kwa kuwa wewe mwenyewe ulisema mtu mwenye neno moyoni alitoe uani, wote wasikie, mimi nalitoa hapa waziwazi. Véro atakusomea pale ulipolala. Ukitaka kucheka, cheka.

Wanaosoma bila kutujua wajue tu kwamba mimi ni nesi wa Kigoma, na kwamba nilikuja Kisangani na kundi la kujitolea la parokia yetu, kupima watu presha na sukari kwenye zahanati moja kule Tshopo. Wenzangu walilala kwa masista. Mimi nikaangukia kwako, karibu na maporomoko ya mto, kwa mjane anayekausha samaki kwa moshi na kuishi na binti yake mmoja. Kila asubuhi nilipanda toleka, ile baiskeli ya abiria, mfuko wa vipimo begani, na wewe mlangoni ukimpigia kelele mwendeshaji: "Doucement, papa! Polepole! Ule ni mutoto ya batu!" Jioni nilirudi nimechoka hadi kuongea naona kazi.

Ikabaki siku moja kabla ya safari. Kiongozi wetu akatangaza hakuna kazi, kila mtu apumzike. Mimi kupumzika sijui, ulishaniona. Niliamka nimeshapanga: napita kwa majirani zako, wale wavuvi wasiofika zahanati, nawapima huko huko kwao. Nikanawa uso, nikarudi chumbani. Mfuko haupo.

"Mama, mfuko wangu uko wapi?"

"Mufuko gani?" Ulikuwa unamenya ndizi, uso mkavu kabisa.

"Wa kazi, Mama."

"Ah bon. Ule inalala. Leo iko repos. Mufuko inapumzika, na weye unapumzika."

Nilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hadi kwenye banda la kuku. Véro alicheka mpaka akakaa chini. Nikapandisha sauti, eti sikuja Kisangani kulala, nilikuja kufanya kazi! Ndipo ukaweka kisu chini.

"Mutoto yangu, wiki tatu unashika mikono ya batu. Ya kwako, nani anaishika?"

Nikakaa kwenye mkeka nimenuna.

Ukaniketisha katikati ya magoti yako, ukaanza kunisuka. Nywele zangu, jamani, zilikuwa zimegeuka kichaka. Ulinivuta kichwa huku na huku bila huruma, ukinisimulia habari za marehemu mume wako, jinsi alivyopanda juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maji makali kufunga vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki, na wewe ukingoni unamwita Mungu kwa Kiswahili na kwa Lingala, asije akakosa kuelewa. Kikapu chake kimoja kilikuwa bado kimeegemea ukuta, jirani na kichanja chako cha moshi, kirefu kunizidi. Ulisema hukiuzi.

Mara tatu mkono wako ulisimama. Mara ya tatu nikauliza, "Vipi, Mama?"

"Kichwa inaniluma kidogo. Iko jua tu."

Na mimi, nesi, mwenye cheti kilichotundikwa sebuleni kwetu, nikajibu bila hata kugeuka: "Kunywa maji, Mama." Ukanywa. Ukaendelea kusuka.

Maji! Mgonjwa angeniambia zahanati kwamba kichwa kinamuuma, ningemfunga kitambaa cha presha kabla hajamaliza sentensi. Lakini kwangu mgonjwa alikuwa mtu aliyepanga foleni. Wewe ulikuwa mwenye nyumba, wa kunipikia na kunigombeza. Wiki tatu nimekula kwako, na mkono wako sikuwahi kuushika. Manesi wenzangu mtakaosoma hapa, msijifanye hamnielewi.

Ulipomaliza nikalala palepale mkekani, mchana kweupe, maporomoko yakivuma. Sikumbuki lini nililala hivyo. Nilipoamka jua lilikuwa limehama, na wewe umehama nalo, umekaa kwenye kigoda, umeshika mwavuli juu ya uso wangu. Véro alinong'ona kwamba hukukubali akupokee mwavuli. Tukala lituma, zile ndizi ulizozichemsha na kuziponda, na liboke ya samaki, bado inafuka mvuke ndani ya majani yake. Ukanichambulia miiba kama nina miaka mitatu. Nikaacha unichambulie. Nilijisikia vizuri, Mama, vizuri mno, na hilo nalo linaniuma.

Asubuhi ya safari ukautoa mfuko ndani ya kikapu cha marehemu, palepale ukutani, nilipopita mara kumi! Mfuko ulinuka moshi wa samaki kupita kiasi. Tulicheka mpaka gari la kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka likapiga honi. Ukanishika mashavu yote mawili. "Ufike muzuri. Siku unafumua nywele, unikumbuke."

Sikuwa nimezifumua bado Véro alipopiga simu. Ulianguka kando ya kichanja, akasema, na hukuamka tena. Presha. Nilikaa sakafuni na simu sikioni. Nikamuuliza mbona hakuna aliyejua. Akaniambia kwamba wewe ulijua. Mwaka uliotangulia ulipimwa, ukapewa dawa, dawa zikaisha, ukakaa kimya. Na siku ile ya kuficha mfuko alikuuliza kwa nini usiniambie nikupime, nesi si yuko ndani ya nyumba? Ukamjibu: "Akinipima, hatalala. Muache mutoto apumzike kwanza."

Kwanza halafu nini, Mama? Asubuhi yake mfuko ulikuwa mkononi mwangu. Ungesema neno moja tu, ningeshuka kwenye lile gari. Ningegombana na kiongozi, ningeiacha ndege iende zake. Ulijua ningefanya hivyo. Ndiyo maana ukanishika mashavu, ukanyamaza.

Nimelia sana. Jioni ile nilizifumua nywele mwenyewe, sikutaka mtu anisaidie, msuko mmoja mmoja, kuanzia kisogoni ulipomalizia. Hasira bado ipo, ila sasa imechanganyika na shukrani, na sijui kuzitenganisha. Wewe ulinipa siku nzima. Mimi nilihitaji dakika mbili kukupima, na sikuzitoa. Nisamehe. Mimi nimekusamehe nusu. Nusu nyingine tutagombana nikija huko.

Siku hizi nikitumwa vijijini, kila nyumba ninayolala, kabla sijapokea hata maji, namshika mwenyeji mkono. Wengine wanacheka, wengine wanakwazika, eti nesi hana adabu ya ugeni. Juzi mama mmoja alikuwa na presha ya kutisha, na dakika moja kabla alikuwa anahangaika kunitafutia kiti. Nilimlaza, nikampeleka hospitali siku ileile. Lakini kabla ya hapo, nilipomfunga kitambaa, alikunja pua.

"Nesi, mbona hiki kinanuka samaki?"

Nimekifua, Mama, sijui mara ngapi. Nikamwambia, "Kina mwenyewe. Nyoosha mkono."

Basi lala, Mama Véro. Jua likihama, mwavuli nashika mimi.

Mutoto yako wa Kigoma