Nimeufungua Ufagio Wako, Mama

Mama,

Nimeufungua ufagio wako. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe hukupenda mtu wa kuzunguka. Ni ule wa nyuma ya mlango, wa mwisho uliofunga kabla hujaugua. Miaka miwili sikumruhusu mtu kufagilia hata jivu. Sasa ni nyasi tu kwenye ungo. Nisikilize kwanza, halafu ukasirike.

Tangu uondoke nafanya kazi Karatu, kwenye loji ya watalii. Nakaa kwenye mkeka, natengeneza ufagio, wageni wananitazama. Usicheke. Paskali mwanao mgongo haumruhusu kulima tena, na Anna wetu yuko kidato cha pili, bwenini. Meneja ni mama wa Kichaga, mtu mzuri, chai hainipiti. Lakini wageni wana robo saa tu kabla hawajapanda gari kwenda kreta kutazama wanyama. Nikifika katikati wanapiga makofi, wanaondoka. Nafumua, nachambua nyasi zile zile, kundi lingine linakuja. Nilimwomba meneja aniache nimalize hata mmoja kwa siku. Akasema, "Mama Anna, hawa wanataka kuona unavyoanza. Kumaliza watamalizia kwenye picha." Akacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Na kule juu ya Rhotia tulikokuwa tunakata nyasi, siku hizi hatupiti, wamesema ni mpaka wa msitu. Nyasi za loji zinaletwa na gari, zimekatwa na mtu asiyejua, zimeshachanua, zinamwaga mbegu mapajani kwangu kutwa nzima. Nikiacha kazi, Anna anarudi nyumbani. Nisipoacha, ndiyo hivyo, nazunguka kama mbuzi kwenye kigingi.

Sasa sikia. Mwezi uliopita jirani yetu Mama Faustini alikuwa anamwoza binti yake Theresia. Akinamama wa jumuiya wakasema ufagio wa kicheni pati utoke kwangu, usitoke dukani, kwa sababu wao wote waliolewa na ufagio wa mkono wako. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Nyasi nilizifuata Endamarariek kwa dada yangu, nikazikata mwenyewe bado zina umande. Nikachana, nikasawazisha, nikazungusha kamba ya mkonge. Nilipofika mwisho, mikono ikasimama.

Mama, mwisho hukunifundisha. Tangu Paskali anioe, miaka kumi na minne tumekaa pale kibarazani, mimi nakata, nachana, nazungusha, na kila nikikaribia unanyoosha mkono: "Nipe nimalizie, umechoka." Nakupa, nakwenda kuinjika chungu, nikirudi umeshamaliza. Niliona ni upendo. Ulikuwa upendo. Na huko loji sijawahi kufika mwisho, kwa hiyo sikujua kama sijui.

Nikapiga fundo la kufungia kuni.

Siku yenyewe shangazi yake Theresia akausimamisha mbele ya watu, amwonyeshe bibi arusi namna ya kufagia. Mara ya tatu tu ufagio ukafumuka, nyasi zikaenda hadi kwenye sufuria za zawadi. Shangazi akasema, "Kumbe huu ni wa Wazungu. Ni wa kutazama." Ukumbi wote ukacheka. Nilicheka nao, nikiokota nyasi moja moja. Theresia akainama na gauni lake tukaokota wote. Hapo ndipo nilipolia.

Ndiyo maana kesho yake niliutoa wako nyuma ya mlango. Nilitaka kuufungua polepole, nione kamba inapita wapi. Nilitumia sindano ya kushonea magunia. Lakini kamba ilikuwa imekauka, ikakatika vipande vitatu palepale nilipotaka kuona. Nikakaa chini. Nikasema sasa nimekosa vyote, ufagio wako na fundo lako. Nilikusema vibaya siku hiyo, Mama. Nilisema ulikuwa mchoyo, umekufa nalo. Hilo nisamehe kuliko hata la ufagio.

Ni Paskali aliyeniambia, "Tazama nyasi zenyewe." Alikuwa amelala kwenye jamvi, hasemagi sana siku hizi. Nikatazama. Ulikuwa unakaza sana, mpaka kamba iliacha alama kwenye mashina. Mizunguko yote ilikuwa ya kulala, lakini chini ya ile mitano ya mwisho kulikuwa na alama moja imepanda, ikageuka kama sikio, ikashuka. Kumbe ukinipokea unalaza kwanza kitanzi, unazungusha juu yake, ncha unaipitisha kitanzini, unakivuta kitanzi kiingie nayo ndani. Hakuna fundo. Nimehangaika kutafuta fundo, na hakuna fundo.

Nilijaribu mara saba, wa nane ukashika. Nilimpelekea Theresia kwake, kimya kimya, sikutaka maneno ya watu. Akafagia uani. Nilisimama pale mpaka akamaliza uwanja wote, sijui alinionaje.

Halafu Anna akaja likizo. Fagio hazitaki. Anasema shuleni wana za plastiki, na anaona aibu wenzake wakijua mama yake anapigwa picha. Nikamkalisha hivyo hivyo, amenuna. Kitanzi kikamteleza mara mbili. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, Mama, ukanyooka kama wako. Nikaukalia. Kweli kabisa, niliukalia mpaka ukafa ganzi, na yeye anahangaika, anasonya. Ufagio wake umepinda, lakini mwisho ameuvuta mwenyewe.

Jumatatu narudi kwenye mkeka, robo saa ile ile. Sijaona pa kutokea, na sitakudanganya kwamba nimeona. Ninachokuahidi ni hiki: kila Anna akija likizo atafunga mmoja mbele yangu mpaka mwisho, anune asinune, na mimi sitamshikia.

Leo nimekuja kukufagilia kaburi kwa ule wake uliopinda. Ufagio umedondosha nyasi tatu hapo kichwani pako. Nimeziacha, uzione.

Lala, Mama.

Mkamwana wako,
Mama Anna